Garissa: Samaki mmoja akioza, si wote waliooza

Alfajiri ya Alhamisi, Aprili 2, 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, watu wanne waliojihami kwa bunduki na vilipuzi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Kufikia usiku, watu 148 walikuwa wamepoteza maisha, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Tangu bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998, na kuwaua watu 213, Kenya haikuwa imeshuhudia shambulizi la kigaidi lililoangamiza watu wengi kiasi hicho.

Zaidi ya mwongo mmoja umepita. Kundi la Al-Shabaab lilikiri kuhusika, na mahakama imekwisha kutoa hukumu. Hata hivyo, kuna swali ambalo wakazi wa Garissa, kuanzia wadi ya Galbet hadi Iftin, wamekuwa wakijiuliza tangu kabla ya mkasa huo: Je, serikali inapomsaka gaidi, humwona mwananchi wa eneo hili kuwa mshirika wake au mshukiwa?

Jibu la swali hilo si suala la heshima pekee. Ndilo linaloamua iwapo shambulizi lijalo litazuiwa au litatekelezwa.

Tukumbuke kwanza yaliyotokea. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka wa 2011 na kilikuwa asasi ya kwanza ya umma ya kiwango hicho katika eneo la Kaskazini Mashariki, ambalo kwa miongo mingi lilikuwa limesahauliwa katika masuala ya elimu. Wanafunzi walitoka kila pembe ya nchi. Wavamizi waliwaua walinzi langoni, wakawamiminia risasi wanafunzi Wakristo waliokuwa katika maombi ya asubuhi, kisha wakaingia mabwenini na kuwatenga mateka wao kwa misingi ya dini. Kuna waliojificha chini ya vitanda na waliojilaza miongoni mwa maiti. Mwanafunzi mmoja alipatikana akiwa hai siku mbili baadaye, akiwa amejificha kabatini.

Kikosi maalumu cha Recce cha polisi wa GSU kilifika mjini humo alasiri, saa nyingi baada ya risasi ya kwanza kufyatuliwa. Kilipoingia mabwenini jioni, kazi ilikamilika kwa muda mfupi. Familia zilizokuwa zimekesha katika uwanja wa Nyayo jijini Nairobi zikisubiri habari, na zile zilizokwenda kutambua miili katika hifadhi ya maiti ya Chiromo, zilikuwa na haki ya kuuliza ni kwa nini msaada ulichelewa. Haikuwa siri kwamba vyuo vikuu vilikuwa vimelengwa, kwani siku chache kabla ya shambulizi, Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatahadharisha wanafunzi wake. Huko Garissa, karibu na mpaka wa Somalia, askari wachache tu ndio waliokuwa wakilinda chuo kizima.

Badala ya uzembe huo kuwa ajenda kuu, macho ya serikali yaligeukia kwingine. Chini ya wiki moja baada ya mauaji, kampuni 13 za kutuma na kupokea fedha, maarufu kama hawala, zilifungwa na akaunti za watu na mashirika kadhaa zikafungiwa. Katika eneo ambalo benki ni chache na familia nyingi hutegemea fedha kutoka kwa jamaa walio ughaibuni, hatua hiyo ilimaanisha kukosa chakula, dawa na karo. Zilikuja kufunguliwa tena mwezi wa Juni mwaka huo. Aidha, kafyu ilitangazwa katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River.

Siku tisa baada ya shambulizi, William Ruto, ambaye wakati huo alikuwa Naibu Rais, alilipa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi muda wa miezi mitatu kuihamisha kambi ya Dadaab, iliyokuwa na wakimbizi zaidi ya 300,000. Mnamo Mei 2016 serikali iliagiza tena kambi hiyo ifungwe. Februari 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliibatilisha amri hiyo akisema ilikuwa ya kibaguzi na iliyokiuka katiba. Mpango wa kujenga ukuta kwenye mpaka wa Somalia nao ulianza kwa vishindo huko Mandera. Ulikusudiwa kwenda mamia ya kilomita, lakini kilomita chache tu ndizo zilizojengwa kabla ya kazi kukwama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe haukumalizika, na ufa ungali wazi.

Ufa huo haukuanza mwaka wa 2015.

Mnamo Novemba 1980, watumishi wa serikali waliuawa kwa risasi mjini Garissa. Vikosi vya usalama vililipiza kisasi kwa kuuchoma moto mtaa wa Bulla Karatasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, ambako walizuiliwa kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Idadi ya waliofariki inabishaniwa hadi leo. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano (TJRC), iliyokabidhiwa serikali mwaka wa 2013, iliyaorodhesha mauaji hayo pamoja na yale ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984, miongoni mwa dhuluma kuu zilizotendwa na dola. Kumbuka kwamba hali ya hatari iliyotangazwa eneo hili baada ya uhuru haikuondolewa hadi mwaka wa 1991.

Historia hiyo ilijirudia katika enzi ya ugaidi. Novemba 2012, wanajeshi watatu waliuawa kwa risasi mjini Garissa. Wenzao waliingia mjini, wakapiga watu na kufyatua risasi, na soko la Suq Mugdi likateketea. Wafanyabiashara ambao hawakuwa wamemgusa askari yeyote walipoteza mali ya miaka mingi. Aprili 2014, baada ya mashambulizi jijini Nairobi na Mombasa, maelfu ya watu, wengi wao wa asili ya Kisomali, walikamatwa katika mtaa wa Eastleigh na wengi wao kupelekwa katika uwanja wa Kasarani kukaguliwa.

Kejeli ya historia ni kwamba Machi 26, 2015, wiki moja kamili kabla ya mkasa wa chuo kikuu, Rais Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni na kuwaomba radhi Wakenya kwa niaba ya serikali yake na zote zilizotangulia kwa dhuluma za zamani. Aliahidi hazina ya Sh10 bilioni kwa ajili ya waathiriwa. Jamaa za walioangamia Bulla Karatasi na Wagalla waliyasikia maneno hayo kwa matumaini. Siku saba baadaye risasi zililia Garissa, na mjadala wa kitaifa ukarudi palepale pa kuwanyoshea kidole Wasomali.

Methali inayoongoza sera kama hizo ni ile isemayo kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Ukweli kuhusu shambulizi la Garissa unaipinga.

Mmoja wa wavamizi wanne alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kijana aliyekuwa na kila sababu ya kufanikiwa maishani. Babake, chifu katika Kaunti ya Mandera, alikuwa amewaarifu maafisa wa usalama kwamba mwanawe ametoweka na kwamba alihofia amejiunga na magaidi. Kwa maneno mengine, Msomali mzee, mtumishi wa umma, alitimiza wajibu mzito kuliko wote anaoweza kutwikwa mzazi. Taarifa zilikuwepo, na zilitoka ndani ya jamii ile ile iliyokuwa ikishukiwa. Kilichokosekana ni namna ya kuzitumia.

Wala waliohukumiwa hawakuwa wa kabila au taifa moja. Julai 2019, mahakama jijini Nairobi ilimfunga maisha Rashid Charles Mberesero, raia wa Tanzania aliyefariki gerezani mwaka uliofuata, na kuwapa Wakenya wawili kifungo cha miaka 41 kila mmoja. Mshtakiwa mwingine aliachiliwa kwa kukosa ushahidi. Mohamed Kuno, aliyetajwa kuwa mpangaji mkuu wa mauaji hayo na aliyewahi kufundisha katika madrasa mjini Garissa, aliuawa nchini Somalia mwaka wa 2016. Katika shambulizi la Dusit jijini Nairobi mnamo Januari 2019, lililowaua watu 21, aliyetajwa kuongoza wavamizi alikuwa mwana wa mwanajeshi wa Kenya. Anayemtafuta gaidi kwa kutazama sura au jina atampita aliye karibu naye.

Kwa upande mwingine, kuna ushahidi wa kile raia wanaweza kufanya. Julai 2012, baada ya watu 17 kuuawa katika mashambulizi dhidi ya makanisa mawili mjini Garissa, viongozi wa Kiislamu walijitokeza na kusema vijana wao watayalinda makanisa. Desemba 2015, magaidi waliposimamisha basi katika Kaunti ya Mandera na kutaka Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na kufariki wiki chache baadaye akiwa hospitalini. Taifa lilimtunuku nishani baada ya kifo chake.

Serikali nayo, ilipojaribu njia ya kuaminiana, iliona manufaa. Baada ya shambulizi la chuo, usimamizi wa usalama wa eneo zima ulikabidhiwa Mohamud Saleh, mwenyeji na balozi wa zamani, aliyeweka mkazo katika ushirikiano na wazee, maimamu na machifu. Mji wa Garissa ulipata utulivu ambao haukuwa umeonekana kwa miaka kadhaa. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na Oktoba 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wanafunzi wa asili tofauti walirudi madarasani.

Hata hivyo, jeraha moja halijapona, nalo ni la elimu. Novemba 2014 magaidi waliwatenga na kuwaua abiria 28 wa basi huko Mandera, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizoni. Wengi wa wenzao waliosalia wakakataa kurudi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji kwa wingi. Hakuna anayeweza kumlaumu mwalimu anayeyahofia maisha yake. Lakini mtoto wa mfugaji aliyeachwa bila mwalimu wa hisabati hana kosa lolote, na ndiye atakayebaki bila kazi miaka kumi ijayo, akisikiliza ahadi za wanaowasajili vijana. Hapo ndipo Al-Shabaab walipopata ushindi ambao bunduki peke yake isingewapa: kumwondoa jirani asiye wa kabila wala dini yao.

Yapo mambo matatu ambayo hayahitaji ukuta wala hazina kubwa.

Kwanza, taarifa ya mwananchi iheshimiwe na ifanyiwe kazi haraka, na anayeitoa alindwe. Chifu wa Mandera hakupaswa kuwa sauti iliayo nyikani.

Pili, walimu na wahudumu wa afya wapewe ulinzi wa kudumu barabarani na makazini, huku vijana wenyeji wakifadhiliwa kusomea ualimu ili shule zisiwe zikifungwa kila risasi inapolia. Chuo Kikuu cha Garissa kiko pale pale, na kazi hiyo inakifaa kuliko asasi nyingine yoyote.

Tatu, deni la zamani lilipwe. Ripoti ya TJRC isiendelee kukusanya vumbi huku wajane wa 1980 wakizeeka. Februari 2025, Rais Ruto, akiwa Wajir, aliondoa ukaguzi wa ziada ambao vijana wa eneo hili walifanyiwa ili kupata kitambulisho. Hiyo ni hatua ya maana, kwa sababu kwa miaka mingi kijana wa Galbet alilazimika kuthibitisha uraia wake mbele ya jopo huku mwenzake wa Nyeri au Kakamega akijaza fomu tu. Kilichobaki ni kuhakikisha agizo hilo linatekelezwa katika kila ofisi ya usajili.

Vijana 142 waliouawa walikuja Garissa kwa sababu waliamini kwamba ni sehemu ya nchi yao kama nyingine yoyote. Walikuwa sahihi kuliko wengi waliopanga sera za eneo hilo. Kuwaenzi ni kuifanya imani yao iwe kweli: kwamba mwanafunzi kutoka Kitui anaweza kulala salama Garissa, na kwamba mwenyeji wa Garissa hataamka kulipia damu ambayo hakuimwaga.