Kuua kulikuwa na bili, kisha kukawa malipo

Fungua gemu yoyote ya vita vya Ulaya ya kale na utakutana naye: askari wa farasi aliyejifunika chuma kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, msalaba kifuani, na kwaya ya Kilatini inamwimbia nyuma. Noma sana, nakubali. Ila usidhani huyo jamaa alikuwepo hivyo tangu zamani. Kuna wakati Kanisa lenyewe lilikuwa likimpigia hesabu ya kila maiti aliyoiacha.

Twende Uingereza, Oktoba 14, 1066. William, mtawala wa Normandy huko kaskazini mwa Ufaransa, amevuka bahari kudai kiti cha ufalme. Karibu na Hastings anapigana siku nzima na jeshi la Mfalme Harold, na jioni Harold ni maiti. Siku ya Krismasi William anavishwa taji. Ungedhani maaskofu wa Normandy wangepiga vigelegele tu, maana aliyeshinda ni mtu wao. Wapi! Miaka michache baadaye walitoa orodha ya toba, na mjumbe wa Papa akaithibitisha.

Unajua uliua? Mwaka mmoja wa toba kwa kila mtu. Ulijeruhi na hujui kama alikufa? Siku 40 kwa kila mmoja. Hukumgusa mtu ila ulitamani? Siku 3. Wapiga mishale, ambao mshale ukishatoka hawajui umemwangukia nani, walipewa Kwaresima 3. Na ukiua mtu baada ya vita ukiwa katika harakati zako za kupora, miaka 3.

Hebu soma tena hapo. Hawa ni washindi, na mfalme waliyempigania alikuwa ameshakalia kiti, lakini bado waliletewa bili.

Mwanya ulikuwepo, bila shaka. Aliyepoteza hesabu angefanya toba siku moja kila wiki hadi kufa, au, kama ana mali, ajenge kanisa. William mwenyewe alijenga monasteri palepale walipopigania, Battle Abbey, na mapokeo yanasema madhabahu kuu iliwekwa pale Harold alipoanguka. Tajiri analipa kwa mawe, maskini kwa kufunga. Hata hivyo mimi naiheshimu ile orodha, kwa sababu ilimwambia mshindi jambo ambalo hakutaka kulisikia.

Na maaskofu walimjua vizuri waliyekuwa wakimwambia. Sahau zile filamu za binti mfalme anayepunga kitambaa dirishani. Vita vingi vya zama hizo havikuwa majeshi mawili kukutana uwanjani. Ilikuwa ni kuchoma mashamba ya jirani, kuswaga ng'ombe wake na kuwaacha wakulima wake bila chakula ili bwana wao akose mapato. Mwaka 989, huko Charroux, Ufaransa, maaskofu walikutana wakamlaani yeyote anayevunja kanisa, anayempiga kasisi asiye na silaha au anayemwibia maskini mifugo. Baadaye wakaanza kupiga marufuku vita siku fulani. Kufikia miaka ya 1040, sehemu nyingine marufuku ilianza Jumatano jioni hadi Jumatatu asubuhi. Yaani kama ni kuchinjana, una kama siku tatu tu kwa wiki! Wengi walikaidi, sawa, lakini angalau mwelekeo ulikuwa wa kupunguza damu.

Halafu ikaja Novemba 1095. Milki ya Byzantium ilikuwa imeomba msaada dhidi ya Waturuki, na Papa Urban wa Pili akaitisha mkutano Clermont, Ufaransa. Mkutano huo ulihimiza tena amani nyumbani. Ukaamua pia kwamba atakayekwenda Yerusalemu kulikomboa Kanisa kwa ajili ya ibada tu, bila kutafuta sifa wala pesa, safari hiyo itahesabiwa kuwa toba yake yote.

Umeona walichofanya? Ndani ya miaka 30 hivi, kupigana kulihama kutoka safu ya deni hadi safu ya malipo.

Familia ya William ndiyo mfano wangu. Ndugu yake wa kambo Odo, askofu wa Bayeux, alikuwa Hastings. Alifunga safari ya Yerusalemu na kufia njiani, Palermo, mwaka 1097. Mwanawe Robert alimwekea rehani nduguye William Rufus, mfalme wa Uingereza, Normandy yote kwa maki 10,000 za fedha. Rufus alizitoa wapi? Alitoza Uingereza ushuru mzito. Manze, hebu fikiria: baba alikuteka, sasa unamchangia mtoto wake nauli ya kwenda kufutiwa dhambi.

Hata kabla ya Yerusalemu kuonekana, mwaka 1096, makundi yaliyojishonea misalaba yaliwaua Wayahudi wa Worms na Mainz, Ujerumani. Askofu wa Speyer aliwakinga wengi wa Wayahudi wa mji wake. Askofu mkuu wa Mainz alishindwa. Julai 15, 1099, Yerusalemu ikaanguka. Waliwachinja Waislamu na Wayahudi, kisha wakaenda kusali kwenye Kaburi Takatifu. Robert alikuwa kwenye jeshi hilo.

Kuna wanaosema yote hayo yalikuwa uchu wa mali. Mimi siamini. Mtu anayeweka nchi nzima rehani ili aondoke hatafuti faida ya haraka. Waliamini kweli, na hapo ndipo panaponitisha. Mwenye tamaa unaweza kumhonga arudi nyumbani. Huyu anayeamini upanga unamwosha, utamwambia nini? Na bado utakuta kijana wa rika letu ameandika "Deus vult", yaani Mungu ataka hivyo, chini ya video ya vita vya leo, eti ni mchezo.

Kwenye gemu, siku hizi mimi huchagua mpiga mishale. Kwaresima 3 naweza kuzimaliza.