ASIYE NA NYUMBA SI MVIVU



Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mwanachama, alitufundisha habari za watu walalao katika baraza za maduka Nairobi. Alikiri kwamba alidhani ni wavivu, mpaka alipoketi nao usiku akakuta walinzi na wapagazi: kazi wanayo, kodi ya chumba imewashinda. Tuliinamisha vichwa, maana nasi tulidhani hivyo.

Sasa na tufundishane. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au fedha ya kutosha kodi juu ya mshahara, isipokuwa mapatano yameijumlisha humo. Je, karatasi yako ya mshahara yasemaje? Itazame leo, kisha umfundishe mwenzako.

Umoja ni nguvu.