Huntha si Hanithi

Maneno haya yana asili moja ya Kiarabu, lakini mitaani yamekorogwa hata yakawa tusi moja. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyobainisha uume wala uke. Mafakihi walimwekea mlango wake katika mirathi, asikose fungu. Hanithi ni neno la kumvunjia mwanamume heshima. (Hata shoga, waliloitana mama zetu kwa mapenzi, leo mwanamume akiitwa hivyo ni ugomvi.)

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu huntha 1,524 Kenya nzima. Wangapi walifichwa chumbani kwa kuwa mzazi alichelea jina? Na mtoto huyo akiitwa hanithi chuoni, maalimu anyamaze kwa hoja gani?