Nakili kwanza, kufuta kusubiri

Zamani kumbukumbu za familia zilikaa kwenye albamu na bahasha ya kaki juu ya kabati. Siku hizi ziko kwenye simu ya mama, laptopu ya baba na diski mbili tatu ambazo hakuna anayekumbuka vizuri zina nini ndani. Kwa familia ya Karatu yenye dereva au mwongoza watalii anayepanda Ngorongoro kila wiki, diski hizo hujaa haraka. Picha za simba na faru zinalala folda moja na picha za mtoto akianza kutembea.

Kwa nyumba kama hiyo, seva ya nyumbani ni suluhisho zuri. Ni kisanduku kidogo chenye nafasi ya diski mbili au zaidi. Kinaunganishwa na ruta, na kila mwanafamilia anafungua vitu vyake kwa simu. Hatari iko siku ya kuhamisha vitu kutoka diski za zamani.

Kinachoweza kupotea

Picha ya bibi aliyefariki haipigwi tena. Kwa upande wa afya ya watoto, hasara inaweza kuwa kubwa zaidi. Wazazi wengi wamepiga picha kadi ya kliniki, majibu ya vipimo na eksirei. Humo zimo tarehe za chanjo, kwa mfano ile ya surua na rubela ya miezi 9 na ya pili ya miezi 18.

Mtoto mwenye selimundu, kifafa au pumu anaweza kuanzia Endulen, akapelekwa Karatu, kisha Arusha au KCMC Moshi. Kila daktari mpya atauliza alipewa dawa gani, kiasi gani na lini alibadilishiwa. Mzazi mwenye kumbukumbu hizo anajibu kwa uhakika badala ya kubahatisha. Hata hivyo, nakala ya kwenye simu haichukui nafasi ya kadi yenyewe. Kliniki nenda na kadi.

Makosa mawili ya siku ya kuhama

La kwanza ni kuchomoa diski ya zamani yenye picha na kuiingiza moja kwa moja kwenye seva mpya. Seva nyingi huomba ruhusa ya kuiandaa diski kabla ya kuitumia. Ukikubali bila kusoma, diski inafomatiwa na vilivyokuwemo vinafutwa.

La pili ni kutumia “kata na bandika” badala ya “nakili”. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unaweza kubaki na nusu huku na nusu kule, usijue kipi kimefika.

Kwa hiyo seva ianze na diski mpya, tupu. Diski za zamani zinakiliwe tu, zisiguswe kwa namna nyingine.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Kusanya diski, flashi na simu zote. Bandika karatasi kwenye kila diski: ni ya nani na ina nini.

2. Pima afya ya diski za zamani. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo huonyesha kama diski imeanza kuchoka. Ikigonga au kukwaruza, izime na umpelekee fundi anayeshughulika na kuokoa data. Kila ukiiwasha tena unaweza kuiharibu zaidi.

3. Anza na visivyo na mbadala: kumbukumbu za afya, vyeti vya kuzaliwa, picha za familia. Filamu na muziki vije mwisho.

4. Tumia waya, si waifai. Kwa waya mzuri wa mtandao, terabaiti 1 huchukua saa 3 hivi. Kwa diski ya nje inayotumia USB ya zamani, huweza kufika saa 9 au zaidi. Anza asubuhi, na seva iwe kwenye betri ya akiba ya UPS ili umeme ukikatika upate muda wa kuizima vizuri.

5. Diski ikiwa inazunguka, usiisogeze. Kama unaileta kutoka Endulen kwa barabara ya vumbi, izime, ifunge kwenye kitambaa na mfuko usioingiza vumbi, na uipakate badala ya kuitupa kwenye buti.

Kama unatoka seva ya zamani kwenda mpya, hakikisha kwanza una nakala nje ya seva hizo mbili. Kisha ziandike diski namba kulingana na nafasi zilizokuwa, na usichomoe yoyote kabla ya kuzima. Usidhani seva ya kampuni nyingine itazisoma.

Usiamini mpaka ufungue

Kuona neno “imekamilika” hakutoshi. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wa kila folda, kisha fungua picha na video kadhaa za kila mwaka. Programu kama TeraCopy inaweza kukagua kila faili kama imefika bila kubadilika.

Laetoli, karibu na Endulen, ina somo kuhusu hili. Nyayo za binadamu wa kale, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, zilifukuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978 na mwaka uliofuata, kisha zikafukiwa ili zihifadhike. Baadaye miti ya migunga ikaota juu yake, na mizizi ikawa tishio. Ilibidi wataalamu wazifukue tena mwaka 1995 na 1996, waondoe mizizi na kuzifunika upya. Nakala zake zilizofinyangwa zimewekwa kwenye makumbusho ya Olduvai. Hata kilichohifadhiwa vizuri kinahitaji kukaguliwa, na nakala ikae mahali pengine.

Diski mbili si nakala mbili

Seva nyingi huandika kitu kilekile kwenye diski mbili, mpango ambao mafundi huuita RAID. Diski moja ikifa, nyingine inaendelea. Lakini mtoto akifuta folda, inafutika kote. Radi au mwizi huondoka na zote kwa pamoja.

Kwa hiyo weka nakala nyingine nje ya nyumba. Nunua diski ya nje, ifunge kwa nywila, uiache kwa shangazi Arusha au kwa babu Mbulu, na uiongezee vipya kila unapokwenda likizo. Familia isiyo na uwezo wa kununua seva inaweza kutumia diski mbili za nje kwa utaratibu huuhuu: moja nyumbani, nyingine kwa ndugu.

Diski za zamani zisifutwe kwa angalau miezi mitatu, na kabla ya kuzifuta, seva ikaguliwe tena. Usiuze wala kugawa diski uliyoifuta kijuujuu, kwa sababu mtu mwenye ujuzi anaweza kurudisha picha za wanao na majibu yao ya hospitali. Mwombe fundi aifute kabisa mbele yako, au ibaki kabatini.