Kanuni za gokati zikibadilika, mzazi anaambiwa lini?

Leo siandiki habari za uchaguzi wala bei ya mafuta. Naandika habari za zile gari ndogo zisizo na paa, zisizo na kioo, hata mkanda hazina, ambazo watoto wetu wanashindana nazo mwisho wa wiki huko Muscat, Dubai, Manama na Uingereza. Gokati. Najua wako watakaosema huyu bibi kastaafu ualimu na sasa kakosa la kuandika. Lakini hesabu mwenyewe nyumba unazozijua ambazo mtoto wa miaka minane au tisa ana helmeti yake na glavu zake nyuma ya gari ya baba, kisha tuzungumze.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kanuni. Tarehe 1 Januari 2025 chombo kinachosimamia mbio za magari Uingereza, Motorsport UK, kiliziweka kando kanuni zake za zamani, zile za kitabu kinene cha kila mwaka, kikaanza kutumia kanuni za taifa zilizoandikwa upya. Gokati zimo humo humo pamoja na magari makubwa. Kazi hiyo siidharau. Kitabu kikiongezewa vipande mwaka hadi mwaka, mwisho hakisomeki. Kipengele kimoja kinakutuma ukurasa wa mbali, nao unakurudisha ulikotoka. Kuandika upya kwa lugha nyepesi ni jambo la kushukuriwa, na nchi zetu za Ghuba zitafika huko tu, kwa sababu wote tunakunywa kisima kimoja. FIA inatambua chombo kimoja tu kwa kila nchi, na kanuni za nchi zote zinasimama juu ya sheria yake ya kimataifa.

Sasa nieleze yaliyotupata sisi.

Mwanangu anaishi Uingereza na mtoto wake ana miaka kumi. Anashindana daraja la kadeti, ndilo la wadogo. Kiangazi kilichopita nilikwenda kuwatembelea, nikapelekwa uwanjani na buibui langu na kiti cha kukunja. Mtoto kaendesha vizuri, kamaliza wa pili. Nikapiga makofi mpaka mikono ikawasha. Baada ya mbio kila gokati inasukumwa mpaka kwenye mizani, inapimwa pamoja na dereva wake, maana kila daraja lina uzito wake wa chini. Ukipungua umepungua, haijalishi ni gramu ngapi. Mjukuu wangu alipungua kilo moja na gramu mia nne. Matokeo yakafutwa.

Mbio zilizotangulia alikuwa amezidi kwa gramu mia sita. Mtoto hakukonda, wallahi, mimi mwenyewe nilikuwa namlisha mapochopocho wiki nzima. Kumbe Alhamisi usiku klabu ilituma tangazo kwa barua pepe, uzito wa daraja lile umepandishwa kilo mbili. Mbio zilikuwa Jumapili. Mwanangu wiki ile alikuwa zamu ya usiku, barua pepe zake hakuzifungua. Wazazi wengine walioisoma walikwenda Ijumaa kununua vipande vya risasi (madini, si ya bunduki) wakavifunga kwa bolti kwenye kiti. Ndivyo uzito unavyoongezwa.

Mkaguzi wa mizani alikuwa mzee wa makamo yangu, mtu mstaarabu. Aliinama akamwonyesha mtoto namba, akampandisha mara ya pili ili aone hakuonewa. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye tangazo lile alilipata Ijumaa. Mimi sina neno naye. Alipewa mizani na namba, akafanya kazi yake.

Njiani kurudi mtoto akaniuliza, "Bibi, mimi nilifanya udanganyifu?" Nimefundisha miaka thelathini na zaidi, na swali lile sikulijibu vizuri.

Wengi wanachanganya hapa, kwa hiyo nieleze taratibu. Kanuni anazofuata mtoto haziko kwenye kitabu kimoja. Juu kabisa iko sheria ya kimataifa ya FIA. Chini yake kanuni za taifa, hizo ndizo Uingereza walizoziandika upya. Chini yake tena kanuni za ligi yenyewe: injini gani, matairi gani, uzito gani, pointi zinahesabiwa vipi. Na chini kabisa ni matangazo ya klabu ya wiki ile ya mbio. Ukisikia "kanuni zimeboreshwa", mara nyingi ni ile ngazi ya pili. Kilichomfuta mjukuu wangu kilikuwa kwenye ngazi ya nne. Unaweza kuipaka nyumba rangi mpya chumba cha mbele, na jikoni maji bado yanavuja.

Tena dawa iko, na waliitunga wao wenyewe huko juu. Kwa mashindano yake yenyewe FIA imejifunga katika sheria yake: mabadiliko ya kiufundi yatangazwe kabla ya Juni kwisha ili yaanze kutumika Januari inayofuata. Muda mfupi zaidi ya huo unahitaji washindani wote walioandikishwa wakubali. Jambo la usalama peke yake ndilo linaloweza kuingia bila kungoja. Hiyo ni heshima wanayopewa madereva wa kulipwa, wenye mafundi na mawakili. Mtoto wa miaka kumi, ambaye fundi wake ni baba yake na wakili wake ni bibi yake, anapewa siku tatu.

Nilisoma sekondari ya misheni, na baadaye nikarudi kufundisha hapo hapo. Father aliyekuwa mkuu wetu alikuwa mkali, lakini siku ya kwanza ya muhula kanuni zote alikuwa anazibandika mlangoni, na akitaka kubadilisha moja alisubiri muhula ufuatao. Sisemi skuli ile ilikuwa pepo. Kanuni zenyewe zilikuwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wapya walikuwa wakinijia mimi niwafasirie kabla hawajachapwa kwa jambo wasilolielewa. Lakini tarehe ilikuwa inajulikana.

Kwa sisi wa Ghuba jambo hili la tarehe lina shida yake ya pekee, na sijaona likizungumzwa. Ulaya msimu wa gokati unaanza baridi ikipungua na kwisha vuli, ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo kanuni zikibadilika Januari, zinawakuta watu wamepumzika. Kwetu ni kinyume. Nani atamweka mtoto kwenye lami ya Seeb au Al Ain mwezi wa Julai? Msimu wetu unaanza joto likivunjika, kama Oktoba, na unakwisha Machi au Aprili. Maana yake Januari mosi inatukuta katikati ya ligi. Mtoto anaanza msimu na kanuni za mwaka mmoja na kuumaliza na za mwaka mwingine, labda na helmeti ambayo Desemba ilikubaliwa na Januari haikubaliwi. Chombo cha taifa kinachotaka kuandika kanuni upya kianze na sentensi moja: msimu mzima unaendeshwa kwa kanuni zilizokuwepo siku ya mbio za kwanza, isipokuwa za usalama. Sentensi hiyo haina gharama hata baisa moja.

Nisije nikaonekana napinga kila badiliko. Kuna mengine yaliingia kwa haja kubwa. Chukua bampa ya mbele, ile pua ya plastiki. Zamani ilikuwa imefungwa kwa nguvu, na madereva wakaifanya pembe: unamgonga wa mbele kwenye kona, anatoka nje, unapita. Mwaka 2015 wasimamizi wa gokati wa kimataifa wakaamuru ifungwe kwa vishikizo vinavyoachia, ukigonga kwa nguvu inaingia ndani. Ukimaliza mbio pua imeingia, unaongezewa muda, na siku hizi ni sekunde tano. Kwenye gokati sekunde tano ni watu wengi sana. Nchi nyingi zimeiga, na nia yake ni njema, ni kuwalinda watoto.

Lakini tazama ilivyofanya kazi. Mwamuzi anaangalia pua, haangalii nani mwenye kosa. Wa mbele akikanyaga breki ghafla mahali pasipotarajiwa, wa nyuma anamgusa, pua inaingia, anayeadhibiwa ni wa nyuma. Wajanja wakajifunza. Nimekaa pembeni ya uwanja nikasikia baba mmoja anamfundisha mwanawe jambo hilo, waziwazi, kama mtu anayefundisha hesabu. Mwalimu yeyote anajua kwamba ukisahihisha mtihani kwa alama ya tiki tu, mwanafunzi atajifunza kutafuta tiki. Kanuni ya pua si mbaya, imepungukiwa na nusu yake ya pili, yaani mwamuzi kupewa nafasi ya kutazama picha za video na kuuliza ilikuwaje.

Na watu wazima wanaweza kuwa wabaya kuliko watoto. Oktoba 2020 huko Lonato, Italia, kwenye mashindano ya dunia, dereva mmoja aliyetolewa nje alishika bampa ya mbele ya gokati yake akamrushia mwenzake wakati mbio zinaendelea. Baadaye ukazuka ugomvi eneo la mafundi, na baba yake naye akaingia mikono. Mahakama ya FIA iliwafungia wote wawili, mtoto na baba, miaka 15. Nataja kisa hiki kwa sababu baba aliadhibiwa pamoja na dereva. Kwa hiyo sheria inaweza kumfikia mzazi pale anapokosea. Basi pale anapohitaji kuarifiwa, inashindwaje kumfikia?

Suala la fedha nalipitia haraka, kila mmoja anajua mfuko wake. Kila kanuni mpya ya kifaa ni risiti mpya. Lakini Ghuba tumeshaona njia nyingine. Fainali za dunia za Rotax zimewahi kufanyika Al Ain na Bahrain, na huko waandaaji ndio wanaotoa gokati na injini, kisha madereva wanapiga kura nani apate ipi. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mshahara wanakaa kwenye chuma kile kile. FIA yenyewe, chini ya rais wake Mohammed Ben Sulayem wa Emirates, imetangaza mashindano ya namna hiyo, mtu aje na helmeti yake aendeshe. Sisemi ligi zote ziwe hivyo, wako wazazi wanaopenda kuchezea injini na hiyo ndiyo furaha yao. Lakini chombo cha taifa kikiandika upya kanuni kiache angalau daraja moja la namna hiyo kwa wadogo.

Kisha kuna lugha. Kanuni nilizoletewa na jamaa zetu wa huku, zote ni za Kiingereza kigumu cha kiufundi. Baba anayefanya kazi ofisini anaelewa. Mama ambaye ndiye anayempeleka mtoto mazoezini Jumatano jioni, anayeijua Kiarabu cha Muscat na Kiswahili cha nyumbani, yeye anaambiwa "soma kiambatisho". Sidai waandike kwa Kiswahili, tusitafute makubwa. Lakini ukurasa mmoja kwa Kiarabu, unaosema nini kimebadilika, kuanzia lini, na kwa nini, unaandikwa asubuhi moja. Hilo la "kwa nini" lisiachwe. Ile klabu ya mjukuu wangu ilipandisha uzito kwa sababu nzuri, nilikuja kuelezwa: watoto warefu walikuwa wanajinyima chakula ili wasizidi. Wallahi kama wangeliandika mstari huo tangu mwanzo, ningewatetea mimi mwenyewe.

Mwanangu hakukata rufaa. Aliniambia, "Mama, tukikata rufaa tutapoteza ada na mtoto atapewa jina." Kanunua mizani yake ndogo, kila Jumamosi usiku gokati inapimwa gereji, na barua pepe za klabu sasa zinakuja kwenye simu yangu pia, huku Muscat. Alhamisi usiku nazisoma kabla ya kulala.

Mpwa wangu hapa anataka kumwandikisha binti yake msimu ujao. Amewaona Amna na Hamda Al Qubaisi wa Emirates, waliotokea kwenye gokati, na mtoto hataki kusikia jambo jingine. Nimemwambia, kabla hajalipa, aulize kwa maandishi: msimu huu unaendeshwa kwa kanuni za mwaka gani, na badiliko likija katikati tutapewa siku ngapi? Ametuma juzi.