Dohani za Majiko ya Shule Zivishwe

Asubuhi katika miinuko ya Kuresoi, kuanzia Keringet hadi Olenguruone, aghalabu huja na baridi kali na ukungu mzito. Kabla ya kengele ya kwanza kulia, mpishi wa shule huwa amekwisha kukoka moto wa kuni ili wanafunzi wapate uji. Moshi wa moto huo ndio ulionitia kalamu mkononi.

Shule kadhaa zimejipatia majiko makubwa yenye dohani. Hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo, dohani yenyewe mara nyingi ni bomba tupu la bati lipenyalo paa na kusimama nje katika upepo. Ikipendekezwa kwamba livishwe kizuizi cha joto, wenye kushika mfuko huuliza: ya nini gharama hiyo, ilhali moshi unatoka?

Jibu limo katika somo la fizikia. Moshi hupanda kwa kuwa ni moto na mwepesi kuliko hewa iliyouzunguka. Ukipoa njiani, hulegea na kurudi jikoni, ukamwingia mpishi machoni na mapafuni. Isitoshe, mvuke na mafuta yaliyomo katika moshi huganda kwenye kuta za bomba yakawa utomvu mweusi unaonata kama lami. Utomvu huo ukishika moto, joto ndani ya dohani laweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na mbao za paa zi karibu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na mapishi, ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka wa 2020. Moshi wa jiko la shule si mpole kuliko huo.

Sisemi bomba lote livishwe. Sehemu iliyo ndani ya jikoni haipoi upesi. Penye haja ni pale linapotokeza nje, kwenye baridi. Linapopenya paa, mbao zitengwe mbali na chuma. Wala kuvisha si dawa ya uzembe: kuni mbichi huiziba hata dohani iliyovishwa. Zipasuliwe, zianikwe miezi kadhaa, na masizi yafagiliwe kila muhula.

Malighafi haiko mbali. Katika kaunti hii hii ya Nakuru, huko Kariandusi karibu na Gilgil, kuna machimbo ya diatomaiti, udongo mweupe uliotokana na mabaki ya mwani wa kale. Vijitundu vyake vimejaa hewa, na hewa iliyotulia huzuia joto lisitoroke. Bomba la kwanza lizungushiwe la pili lililo pana zaidi, na nafasi iliyo kati ijazwe udongo huo mkavu. Fundi ajikinge pua na kinywa, kwani vumbi lake hudhuru mapafu.

Watakuwapo watakaosema kwamba fedha hizo zingenunua vitabu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini moto usiovuta vyema huteketeza kuni bila kutoa joto la kutosha, na kuni hizo pia hununuliwa. Kila mzigo unaopotea hivyo huongeza mzigo kwa misitu yetu, na Mau ni chemchemi ya mito. Nalo paa likiungua, vitabu havitasalimika.

Wahenga walinena kuwa rahisi inavunja upishi. Walimu wakuu na waikague michirizi myeusi kwenye maungio ya mabomba yao kabla muhula haujafungwa. Nanyi wanafunzi, jazeni maji ya moto katika mikebe miwili, mmoja mkiuvika majani makavu, mwingine mkiuacha wazi barazani. Baada ya nusu saa, utieni kila mmoja kidole. Mikebe hiyo itawajibu wenye kushika mfuko.