Mwaka wa Kuhama na Siri ya Jembe



Mwaka unakaribia kutuaga, nasi katika kota na kambi zetu tumekwisha kuanza kuuhesabu. Wako wanaouhesabu kwa mishahara, wako wanaouhesabu kwa ada za shule zilizolipwa na zile zilizobaki, na wako, wala si wachache miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu, wanaouhesabu kwa uhamisho. Januari walikuwa Mbarara, Juni walikuwa Gulu, na Desemba inawakuta Moroto. Amri ya kuhama ikija haiulizi kama mtoto yu karibu na mtihani, wala kama mama amekwisha kupanda maharagwe nyuma ya nyumba. Inataja tarehe tu, na kabla ya tarehe hiyo godoro hufungwa kwa kamba, sufuria hutiwa ndani ya sufuria, na jirani wa miaka mitatu huagwa kwa dakika tatu.

Tangu Machi 1907 hadi leo ni zaidi ya karne, lakini tangu Machi 2007 si zamani: ndipo Uganda ilipopeleka Somalia askari wa kwanza wa kulinda amani chini ya Umoja wa Afrika. Tokea hapo neno "misheni" limepata maana mpya midomoni mwetu. Kwa wazee wetu misheni ilikuwa mahali penye kanisa, shule na zahanati. Kwa mke wa askari leo misheni ni ile safari ya mbali ambayo mumewe huhesabu miezi yake, naye nyumbani huhesabu siku zake. Maana hizi mbili hazikuachana sana. Asili ya neno lenyewe ni kutumwa, na aliyetumwa, awe amevaa kanzu au kombati, hakujichagulia njia.

Basi juma hili napenda tuutazame mwaka wa kuhama na kusafiri kwa jicho la imani, kwa kuwa jicho la hesabu peke yake huona hasara tu.

Dini zetu zenyewe zimejengwa juu ya safari. Ndugu zetu Waislamu wanapohesabu miaka hawaanzi na kuzaliwa kwa Mtume wala na kushuka kwa Kurani. Wanaanza na kuhama kwake kutoka Makka kwenda Madina, katika mwaka 622 wa kalenda ya Kikristo. Yaani mwaka wa kwanza katika hesabu yao ni mwaka wa uhamisho. Wakristo nao husoma habari za Ibrahimu, mzee aliyeambiwa aiache nchi yake na nyumba ya baba yake, akaondoka bila kujua anakokwenda. Waislamu na Wakristo sote twamwita baba huyo mmoja. Kama kuhama kungekuwa laana, baba wa imani asingeanza nako.

Lakini Ibrahimu yu mbali nasi kwa miaka mingi. Nataka niwaletee mtu wa karibu zaidi, aliyepita katika vilima vyetu wenyewe, na ambaye kwanza alikuwa mshika silaha.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume wa kwanza. Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Ujana wake uliangukia katika siku za misukosuko, vita vya dini vilipozuka Buganda mwaka 1888. Kwa muda alifuata upande wa Waislamu na kubeba silaha pamoja nao. Alikuwa pia amesikia mafundisho ya Alexander Mackay, fundi na mmisionari aliyefariki mwaka 1890. Mwaka 1891 alikwenda magharibi pamoja na msafara wa Kapteni Lugard, na hapo ndipo macho yake yalipoiona Toro kwa mara ya kwanza, akiwa katika safari ya kijeshi.

Kisha ukaja mwaka 1895. Katika mwaka huo mmoja alibatizwa na kuitwa Apolo, akakubali kuwa mwalimu wa dini, akatumwa Toro, nchi ile ile aliyoijua kwa bunduki. Hebu fikirini, wasomaji: jina jipya, kazi mpya, makao mapya, lugha ya jirani ya kujifunza, yote katika miezi kumi na miwili. Watu walimpachika jina la Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi. Koti la askari likampa mwalimu jina, na jina hilo halikumwacha hata alipofanywa kasisi mwaka 1903.

Hakupewa muda wa kuota mizizi Toro. Mwaka 1896 alitumwa mbele zaidi, Mboga, ng'ambo ya mto Semliki. Anayeijua njia hiyo leo huijua ikiwa na lami: unatoka Kabarole, unauzunguka ubavu wa kaskazini wa Rwenzori, unashuka Bundibugyo penye joto na chemchemi za maji ya moto za Sempaya. Wakati ule ilikuwa njia ya miguu, yenye baridi ya mlima upande mmoja na homa ya bonde upande wa pili. Ukiisha kuvuka Semliki ulipaswa kupanda tena ukingo wa bonde hadi kwenye nyanda za Mboga, na nyuma ya Mboga ulianza msitu mkubwa wa Ituri.

Kabla yake walikwisha kwenda huko walimu wawili wa Kiganda. Hawakudumu. Mtawala wa Mboga, jina lake Tabaro, hakupendezwa na mafundisho yao, akawakataza watu wake wasiwape chakula wala wasiwauzie. Hakuwapiga wala hakuwafukuza kwa mikuki. Aliiachia njaa ifanye kazi hiyo, nayo ikawarudisha.

Apolo aliijua habari hiyo kabla hajaondoka. Akafika Mboga, akashika jembe, akajilimia. Mwalimu anayekula jasho lake hafukuziki kwa njaa. Hapa ndipo methali yetu ya kale inapopata mwili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaitumia kumkumbusha mgeni kwamba ukarimu una mwisho. Apolo hakungoja apewe. Alilishika jembe mwenyewe, na kwa kufanya hivyo akaacha kuwa mgeni.

Msidhani kwamba mambo yalinyooka tangu hapo. Alipigwa, na nyumba ya ibada ikateketezwa. Ndugu wa kike wa Tabaro alipofariki kwa kuangukia mkuki uliokuwa umefichwa na majani, lawama ilitupwa juu ya Apolo, akapelekwa Toro akiwa mfungwa. Kosa halikuonekana, akafunguliwa. Mtu mwingine angelishukuru Mungu na kubaki Kabarole. Yeye alirudi Mboga kwa watu wale wale. Alisimulia kwamba katika siku za dhiki alimwona Kristo ndotoni aking'aa kama jua, akimtia moyo kwamba hayuko peke yake. Tabaro mwenyewe baadaye alibatizwa.

Habari hizi si hekaya za kanisani tu. Apolo aliandika shajara zake kwa Kiganda, na watu wa elimu wameendelea kuzichunguza. Kitabu kikubwa cha Emma Wild-Wood juu ya maisha na kazi yake kilitoka mwaka 2020.

Nami niseme machache juu ya mwaka wangu, kwa kuwa si haki kuwapa wengine mashauri huku mwandishi amejificha nyuma ya pazia. Mimi ni mtumishi wa serikali mwenye cheti cha ualimu, na mwaka huu nilihamishwa kutoka mashariki ya nchi hadi Kabarole. Nilitangulia peke yangu, mama watoto akabaki ili watoto wamalize muhula. Mwezi wa tano nilirudi kumzika baba yangu, aliyekuwa koplo mstaafu wa polisi. Mwezi wa nane mtoto wetu wa tatu alizaliwa, nami nilikuwa Bundibugyo kikazi, nikaisikia sauti yake ya kwanza kwa simu, nimesimama juu ya kilima mahali pekee penye mtandao. Kaburi moja, utoto mmoja, na uhamisho mmoja. Hesabu ya kawaida kabisa katika familia zenu, najua.

Baba yangu katika utumishi wake alihamishwa mara tisa. Tulipokuwa wadogo hatukuelewa kwa nini kila tulipofika kota mpya, kabla hata vitanda havijafungwa, alitafuta kipande cha ardhi nyuma ya nyumba na kupanda mti wa matunda. Mama alimwambia kwamba hatutaula. Yeye akajibu kwamba kuna watakaoula, na kwamba hata sisi hapa tunakula maembe ya koplo tusiyemjua. Nimelikumbuka jibu hilo sana mwaka huu, nikisoma habari za Apolo.

Basi kutokana na hayo yote nawapeni mambo matatu ya kutia katika mizigo, kwa yeyote ambaye mwaka ujao utamhamisha.

La kwanza ni jembe. Nasema jembe kwa maana yake hasa na kwa maana ya fumbo. Familia iliyofika kambi mpya na kukaa kana kwamba inangoja kuondoka huishi miaka mitatu bila kuishi hata siku moja. Panda sukumawiki, jiunge na chama cha akina mama, jifunze salamu za wenyeji. Mzee wa Kitoro akiamkiwa kwa lugha yake, nusu ya ugeni imekwisha.

La pili ni kuaga vizuri. Madeni yalipwe dukani, funguo zikabidhiwe, jirani aombwe radhi. Mtu hujulikana zaidi kwa namna alivyoondoka kuliko alivyofika. Na watoto nao wapewe nafasi ya kuaga. Kumwondoa mtoto shuleni siku ya Ijumaa bila kumwambia mwalimu wala rafiki zake ni kumfundisha kwamba watu ni kama vibanda vya njiani.

La tatu ni wanaobaki. Askari aliye misheni hulindwa na wenzake, hupikiwa, na akiugua kuna tabibu. Mkewe aliyebaki na watoto wanne hana zamu ya kupokewa. Ewe ndugu uliye safarini, usiache simu yako iwe ya pesa tu. Pesa ikifika bila neno, watoto hujifunza kwamba baba ni ujumbe wa simu. Uliza habari za daftari, za kikohozi, za mbuzi. Na wewe mama uliyebaki, usiyafiche matatizo yote ili mume asihangaike, wala usiyarundike yote katika simu ya usiku mmoja. Chagueni siku, mzungumze, muombe pamoja, kila mtu kwa dini yake. Sala haihitaji ruhusa ya kuvuka mpaka.

Mipaka yenyewe hubadilika. Apolo alipoanza kazi, Mboga ilihesabiwa kuwa chini ya Toro. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakubwa wa Uingereza na Ubelgiji walipanga mipaka, na Mboga ikaangukia Kongo. Yeye aliendelea kulima na kufundisha. Katika miaka ya 1920, akiwa amekwisha kuota mvi, aliingia kuwafundisha watu wa msituni, Wambuti, watu ambao wengi waliwadharau. Leo Kanisa la Anglikana la Kongo lamtambua kuwa mwanzilishi wake.

Nchi hiyo imeonja machungu karibuni. Mwishoni mwa Mei 2021 wauaji waliingia usiku Boga na Tchabi wakaua makumi ya raia. Novemba ya mwaka huo huo majeshi yetu yalivuka mpaka kushirikiana na majeshi ya Kongo kuwaandama waasi wa ADF. Kwa hiyo baadhi yenu mmekanyaga ardhi ile ile aliyoilima Apolo, mkiwa na bunduki kama yeye alivyoanza. Namwomba Mungu awarudisheni salama, na mahali mlipopita mkulima aweze kushika jembe lake bila hofu. Hiyo ndiyo maana ya kutumwa kwenu, na wake zenu wanaohesabu siku wana sehemu yao katika kazi hiyo.

Apolo Kivebulaya alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza asizikwe kichwa kikielekea mashariki kama ilivyokuwa desturi, bali kielekee magharibi, upande wa msitu, kwa sababu huko kazi ilikuwa haijakwisha. Hata kaburini alijilaza kama mtu aliye safarini.

Mwaka mpya ukija na barua ya uhamisho, msiipokee kama hukumu. Fungeni godoro, aganeni vizuri, wala msisahau kutia jembe ndani ya mizigo. Mungu awabariki nyote, mnaosafiri na mnaobaki.